Mtu wa Mto Rat

Julai 1931 mgeni aliyejiita Albert Johnson alifika Fort McPherson, kaskazini ya Kanada, akajenga kibanda kando ya Mto Rat. Wenyeji walimshtaki kwamba anaharibu mitego yao. Polisi walipobisha hodi, akampiga mmoja risasi kupitia mlango. Wakabomoa kibanda kwa baruti, akatoroka!

Wakamfuata majuma mengi katika baridi kali. Akamwua askari Millen, akavuka milima wakati wa dhoruba. Kwa werevu alificha nyayo zake katika njia ya makundi ya kulungu wa kule, lakini rubani Wop May akaziona toka angani. Tarehe 17 Februari 1932 wakamwua.

Siku zote hizo askari hawakumsikia akisema neno. Alikutwa na dola zaidi ya 2,000, ila hakuna karatasi yenye jina lake. Mwaka 2007 kaburi lake, kule Aklavik, lilifunguliwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba watu kadhaa waliodhaniwa kuwa ndio yeye, sio.