Dakika ya Kumkumbuka Rudolf Diesel

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa Land Rover ya dizeli. Kila alfajiri, kabla ya kupiga stata, aligeuza ufunguo kidogo, akatulia, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nami niliketi pembeni yake na mfuko wangu wa shule, nikihesabu pamoja naye. Hadi thelathini, majira ya baridi, hadi hamsini. Ukimsemesha kabla hajamaliza hakujibu. Kwa muda mrefu nilidhani anaomba dua.

Kumbe Wajerumani nao walikuwa na mzaha juu ya subira hiyo hiyo. Waliiita dakika ya kumkumbuka Rudolf Diesel, kama vile watu wanavyosimama kimya kumkumbuka marehemu. Na marehemu mwenyewe hana kaburi, maana alitoweka melini usiku wa Septemba 29, 1913, akiwa safarini kwenda Uingereza.

Mzaha huo, hata hivyo, unamsingizia. Diesel alitaka injini isiyohitaji moto wa kuanzia. Kabla yake, Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa amepata hataza mwaka 1890 kwa injini yenye kichwa cha chuma ambacho mwendeshaji alilazimika kukichoma kwa taa ya moto dakika kadhaa ndipo injini ikubali kuwaka. Diesel akasema hapana, hewa yenyewe itatosha. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli anajua jinsi pampu inavyopata moto. Shindilia hewa kwa nguvu zaidi, nyunyiza mafuta ndani yake, yatawaka bila cheche. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake ilipimwa mbele ya wataalamu ikageuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za wakati ule hazikulikaribia.

Tatizo lilikuwa ukubwa. Mafuta yalisukumwa ndani kwa hewa ya kompresa, na kompresa hiyo ilikuwa mzigo. Injini ikafaa viwanda na meli, si gari.

Aliyetuletea kule kuhesabu ni mtu mwingine, Prosper L'Orange, mhandisi wa kampuni ya Benz mjini Mannheim. Mwaka 1909 alipata hataza ya chumba kidogo kilicho juu ya silinda. Mafuta hunyunyizwa humo, huanza kuungua, kisha moto hufyatuka kupitia tundu jembamba na kumalizia kazi ndani ya silinda. Kompresa ikaondoka. Injini ikawa ndogo, tena haigongi sana. Mwaka 1923 Benz walikuwa wanajaribu lori la dizeli barabarani, na mwaka 1936 Mercedes-Benz 260 D ikaonyeshwa Berlin, gari dogo la dizeli ambalo madereva wa teksi walilipenda.

Lakini kila kitu kina gharama yake. Kuta za kile chumba, injini ikiwa baridi, hunyonya joto la hewa iliyoshindiliwa kabla mafuta hayajashika. Ndipo ikabidi kuwekwa humo kipande cha waya kinachowashwa na betri mpaka kiwe chekundu kama kaa la moto. Hiyo ndiyo hita plagi. Malori mengi makubwa, ambayo mafuta yake hunyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni, hayakuihitaji, na ndiyo maana utamsikia dereva wa lori akiwacheka wenye pikapu.

Hita plagi za zamani, kama zile za Land Rover ya baba, ziliunganishwa mfululizo, umeme ukitoka moja kwenda nyingine. Ikikatika moja, zote zimekufa. Usumbufu mkubwa, lakini hapakuwa na siri. Baadhi ya Mercedes za miaka ya 1950 zilikuwa na waya kama huo kwenye dashibodi, umefunikwa kwa kifuniko chenye matundu ambacho Wajerumani walikiita kidude cha chumvi. Waya ule ukiwaka, dereva alijua kwa hakika kwamba kule ndani nako kunawaka.

Katika miaka ya 1970 na 1980 zikaenea plagi mpya, nyembamba kama penseli, zenye waya uliofichwa ndani ya ganda la chuma. Kila moja ikapata umeme wake peke yake. Kusubiri kukapungua mpaka sekunde chache, na ikifa moja, tatu zinaendelea na kazi. Ni maendeleo, sikatai. Lakini katika magari mengi ya wakati ule taa ya dashibodi ikawa inazimwa na kifaa cha kupima muda. Hita zote nne zinaweza kuwa maiti, na taa ikawaka na kuzima kwa adabu zake zote.

Hilo nililijua Njombe, Julai 2016. Pikapu yangu ilikuwa inawaka Dar es Salaam bila matata, isipokuwa moshi mweupe kidogo asubuhi, nikaupuuza. Joto la pwani lilikuwa linafanya kazi ya hita. Alfajiri moja shangazi akabanwa na pumu. Nikageuza ufunguo, taa ikawaka, ikazima. Stata ikazunguka mpaka betri ikachoka. Majirani wakatoka na mablanketi yao kutusukuma mpaka kwenye mteremko. Shangazi, pumzi zikimpiga, akasema, "Mwanangu, gari lenu la mjini linaogopa baridi kuliko mimi." Tulifika hospitali tumechelewa karibu saa nzima. Alipona, lakini saa ile sijaisahau.

Niliporudi Dar fundi wa kwanza alitaka kuniuzia stata na betri. Nikaamua kupima mwenyewe uani. Unafungua waya wa kila hita, unachukua globu ya taa ya breki, upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande wa pili kwenye kichwa cha hita. Globu ikiwaka, waya wa ndani ni mzima. Kwangu iliwaka mara moja tu kati ya nne.

Kuzifungua ndiko kwenye hatari, maana hita iliyokaa miaka mingi hushikana na silinda hedi, na ikikatikia ndani huenda hedi yote ikashushwa. Nilimwagia mafuta ya kulainisha kutu usiku, asubuhi nikapasha injini moto, nikatumia soketi ndefu kwa mkono mwepesi, mbele kidogo, nyuma kidogo. Tatu zilitoka. Ya nne ilinikatalia siku mbili, nami nikaiacha na kuirudia, nikikumbuka baba na hesabu zake. Kijana wa jirani alinishauri nipulizie dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa, nisahau habari za hita. Nikamwambia, dawa ile ikikutana na hita inayowaka hulipuka kabla ya wakati, na pistoni ndiyo inayolipa.

Siku ya tatu ikalegea.