Kama Wafoinike Wangelibaki Ruvuma

Herodotus, Myunani aliyeandika katika karne ya 5 K.K., anasimulia katika kitabu cha nne cha Historia yake habari ambayo yeye mwenyewe hakuiamini yote. Farao Neko, yule aliyemwua Mfalme Yosia kule Megido, aliwatuma mabaharia Wafoinike watoke Bahari ya Shamu, wazunguke bara zima la Afrika, na kurudi Misri kwa njia ya Bahari ya Kati. Kila yalipofika majira ya kupanda, walishuka pwani popote walipokuwa, wakapanda nafaka, wakangojea mavuno, kisha wakatweka tanga. Mwaka wa tatu walifika Misri, wakasema kwamba katika kuzunguka bara waliliona jua upande wao wa kuume. Hilo Herodotus alilikataa. Lakini aendaye magharibi akiwa kusini ya mbali hulikuta jua la adhuhuri kaskazini, yaani kuumeni. Kwa hiyo jambo alilolikataa ndilo linalowafanya wataalamu wengi waitazame habari hii kwa heshima.

Katika makala hii tunakusudia kuuliza swali ambalo wanahistoria aghalabu hulikwepa. Tuseme kwamba mojawapo ya mashamba hayo lilipandwa karibu na mlango wa mto Ruvuma, na baadhi ya mabaharia, badala ya kuondoka baada ya mavuno, wakabaki. Je, leo tungelikuta nini katika Newala, Masasi na Tandahimba? Swali hili si la mchezo, kwa maana dhana za namna hii zimekwisha kufundishwa kama kweli, na zimewadhuru watu.

Wasomaji wetu wanaijua habari ya 1 Wafalme 9, jinsi mabaharia wa Hiramu mfalme wa Tiro walivyokwenda Ofiri pamoja na watumishi wa Sulemani na kuleta talanta 420 za dhahabu. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Aliona kipande cha mti kilichofanana na penseli yake kwa rangi na harufu, akakata shauri kwamba ni mwerezi wa Lebanoni ulioletwa na Wafoinike. Mwaka 1891 Theodore Bent alichimba mahali hapo, naye akadai kwamba wajenzi walikuwa wageni wa kale kutoka kaskazini. Madai haya yaliwafaa sana walowezi, maana kama wageni waliitawala nchi zamani, basi mgeni wa sasa anarudia tu urithi wake. Uchunguzi wa David Randall-MacIver mwaka 1905, na ule wa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, ulionyesha kwamba Waafrika wenyewe ndio waliojenga. Kipande kimoja cha mti kilikuwa kimetosha kuwanyima watu kazi ya mikono yao.

Hatusemi kwamba wageni hawakufika. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wanamaji ulioandikwa kwa Kiyunani katikati ya karne ya 1 B.K., unaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu. Jina hilo latokana na vyombo vya kushonwa, jamaa ya mitepe waliyoijua babu zetu. Wafanyabiashara walileta mikuki, mashoka na vioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Katika karne ya 2, Ptolemy, akimnukuu Marinus wa Tiro, anamtaja baharia Dioscorus aliyepita Rhapta mpaka rasi ya Prason, ambayo baadhi ya wataalamu huiona kuwa Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya mlango wa Ruvuma. Hata hivyo Wayunani hao hawakujenga mji wao huku. Upepo wa kaskazi uliwaleta na wa kusi ukawarudisha, nao walipata mali bila kumiliki ardhi.

Sasa tuwarudie Wafoinike wetu wa kudhaniwa. Yapata mwaka 600 K.K. wenyeji wa nchi hiyo walikuwa wawindaji na wachumaji. Wakulima wa lugha za Kibantu walikuwa hawajafika. Ngano na shayiri zisingelistawi sana katika joto la pwani, na bondeni kungekuwa na homa. Hapo twaikumbuka simulizi ya asili ya Wamakonde, iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20. Inasema kwamba huko Mahuta, katika Tandahimba ya leo, mtu mmoja alitoka kichakani, akachonga sanamu ya mti, na usiku sanamu ikawa mwanamke. Walishuka Ruvuma, na mtoto wao akazaliwa mfu. Wakaenda bonde la Mbemkuru, na wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu Mahuta, mtoto wa tatu aliishi. Ndipo baba huyo akawaagiza watoto wake wasijenge mabondeni wala karibu na mito mikubwa, hata kama maji yatakuwa mbali. Simulizi hii ni ya watu waliofika baadaye, lakini bonde ni lile lile. Wageni wangelijenga mtoni, kama mabaharia wote, nao wangelizika watoto wao mpaka mwenyeji awaonyeshe njia ya kupanda juu. Methali yetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ndiye angeliponywa.

Mfano wa kweli tunao. Wayunani walioanzisha Kirene, mji ulio asili ya Simoni aliyeuchukua msalaba, walihangaika miaka kadhaa kabla Walibya hawajawaongoza mpaka mahali penye maji mema. Herodotus huyo huyo ndiye asimuliaye. Lakini anaongeza kwamba walipokuja Wayunani wengine wengi kutoka kwao, Walibya walinyang'anywa ardhi yao. Mgeni aligeuka kuwa bwana pale merikebu za nyuma zilipozidi kuja.

Hapa ndipo tunapoliona jibu la swali letu. Wafoinike wa Ruvuma wasingelikuwa na merikebu nyuma yao. Wangelifanana na mawakala kutoka Muza, bandari ya Arabuni, ambao kwa mujibu wa Periplus walioa wenyeji wa Rhapta na kuijua lugha yao. Baada ya vizazi vichache wajukuu wao wangelikuwa watu wa nchi, na wakulima wa Kibantu walipofika wangeliwakuta kama wenyeji wengine. Pengine lingelibaki neno moja la baharini, au namna ya kufunga tanga. Wamakonde wangelikuwa bado Wamakonde.

Ila tunahofu kwamba wasomi wasingeliwaacha hivyo. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alikaa Newala na Mahuta, akachunguza vinyago na sanamu za mahali hapo. Kama kingelipatikana chungu kimoja tu cha Tiro mlangoni pa Ruvuma, tunaamini kwamba angelitokea mtu wa kusema kuwa uchongaji wa Wamakonde ulitoka Sidoni, kama alivyosema Mauch juu ya mti wake. Historia ya watu isingelibadilika, bali ingelibadilika heshima waliyopewa.

Basi, tunawasihi wanafunzi wetu wanaokwenda kuhudumu kusini: mtakapoonyeshwa kitu cha kale, msianze kwa kuuliza ni mgeni gani aliyekileta. Kaeni kwanza na wazee, mwandike wanayoyasema juu ya maji, makaburi na miti. Waliokaa Mahuta walijua mahali ambapo mtoto anaweza kuishi, na elimu hiyo haikuletwa na merikebu yoyote.