Mzee akibadilika ghafla: ijue sepsisi kabla haijamchukua

Jana bibi alitawadha na kusali mwenyewe. Leo adhuhuri haamki vizuri, anaweweseka, na mjukuu aliyemlea anamwita kwa jina la marehemu dadake. Mwili hauna moto wala hakohoi. Nyumbani watu huambizana kuwa ni uzee huo, au kapitiwa na upepo. Tuktuk hutafutwa kesho yake asubuhi. Huenda usiku ule wote ilikuwa sepsisi.

Sepsisi, ambayo wengine huiita sumu kwenye damu, haitoki kwa mtu kwenda kwa mwingine. Ni hali ambapo mwili unapopigana na maambukizi hupita kiasi, ukaanza kujidhuru wenyewe: presha hushuka, figo hulegea, mapafu na ubongo huathirika. Maambukizi yenyewe yaweza kuwa ya kawaida kabisa, kama nimonia, ugonjwa wa njia ya mkojo, jipu, kidonda cha mguu kwa mwenye sukari, au kidonda cha mgongo kwa asiyeondoka kitandani. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kuwa mwaka 2017 watu milioni 48.9 walipatwa na hali hii duniani, na milioni 11 wakafariki.

Kwa wazee, ugumu ni kuwa dalili hujificha. Kijana hupanda homa na kutetemeka, na kila mtu huona. Mzee wa miaka 75 aweza kuwa na maambukizi makali huku themomita ikisoma 37, au mwili ukawa wa baridi chini ya 36. Kinga yake imechoka, na ikiwa kila siku anameza paracetamol kwa ajili ya magoti, hata homa kidogo iliyokuweko hufunikwa. Basi usingoje homa.

Tazama akili kwanza. Kuchanganyikiwa kulikoanza leo au jana si sawa na usahaulifu unaokuja pole pole kwa miaka. Kisha hesabu pumzi: mtazame tumbo linavyopanda na kushuka kwa dakika moja nzima. Zikifika 22 au zaidi akiwa ametulia, hilo ni jambo la kushtua. Uliza pia alikojoa saa ngapi. Aliyeshinda bila kukojoa, au mkojo wake ni mchache na mweusi, yuko hatarini. Kwa ngozi yetu nyeusi rangi ya uso haisemi mengi, kwa hivyo angalia midomo, ulimi, viganja na nyayo kama zimepauka au kuwa kijivu. Kuanguka ghafla, kukataa chakula na kushindwa kusimama navyo visipuuzwe.

Ukiona mambo haya kwa mzee mwenye maambukizi, au unayemshuku kuwa nayo, mpeleke hospitali saa ile ile. Presha ikishaporomoka, madaktari hulenga kuanza dawa ya kuua vijidudu ndani ya saa moja, pamoja na dripu. Mkaazi wa Faza anayengoja maji yajae ili boti ipite kuelekea Lamu hana saa za kupoteza nyumbani. Kumsomea na kumpa kombe hakuna anayekataza, lakini kisomo chaweza kufanyika njiani. Usimlazimishe uji akiwa na usingizi mzito, maana utaingia mapafuni. Beba dawa zake zote, na umwambie daktari waziwazi: "Huyu hakuwa hivi jana. Yaweza kuwa sepsisi?" Msione haya kuuliza.

Kinga yake ni kazi ndogo ndogo za kila siku. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila saa mbili. Mwenye sukari akaguliwe nyayo kila jioni, hata katikati ya vidole, kwa kuwa mara nyingi hahisi maumivu. Mwenye mrija wa mkojo, mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu, na anayeushika anawe mikono kwa sabuni. Meno na ulimi visafishwe. Ulizeni kituo cha afya kuhusu chanjo ya nimonia na ya mafua.

Lile la kununua vidonge vinne vya rangi mbili dukani, akipata nafuu mkaacha, linaniudhi kuliko yote. Huacha maambukizi yakiendelea chini kwa chini, na siku ya hatari dawa hiyo huenda isifanye kazi.

Wazee wengine hupunguza maji makusudi wasisumbue watu usiku kwa choo. Wawekewe kopo karibu na wahimizwe kunywa, isipokuwa daktari amewapimia maji kwa sababu ya moyo au figo. Ramadhani ikikaribia, mzee mwenye sukari au figo dhaifu amwone daktari mapema kabla ya kunuia kufunga. Mgonjwa ana ruhusa.

Aliyepona huweza kubaki mchovu na msahaulifu kwa miezi, na maambukizi mapya humpata kwa urahisi zaidi katika kipindi hicho. Akirudi nyumbani, mtu mmoja apewe jukumu la kumwangalia asubuhi na jioni, na namba ya mwenye gari iwe tayari kwenye simu.