Goli 18, Goli 17: Magongo na Njia ya Unyanyembe

Tarehe 29 Novemba 2025, mjini Madurai, kusini mwa India, vijana wa Oman walifungwa na wenyeji wao goli 17 kwa bila. Lilikuwa Kombe la Dunia la mpira wa magongo kwa wanaume walio chini ya miaka 21, la kwanza kushirikisha timu 24. Oman hawakuwamo katika mipango ya awali. Pakistan ilijitoa, wao wakaitwa kujaza pengo.

Mtanzania mwenye kumbukumbu ndefu hakuhitaji kusimuliwa zaidi. Julai 1980, kwenye Olimpiki ya Moscow, India hiyo hiyo iliifunga Tanzania goli 18 kwa bila. Na sisi pia tulikuwa tumeingia kujaza pengo.

Timu hizi mbili, Oman na Tanzania, zina undugu ambao waandishi wa michezo hawana sababu ya kuujua, lakini mtu wa Tabora anaujua. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliunganisha Muscat na Unguja, Unguja na Bagamoyo, kisha ikakata Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora, na kutoka hapo Ujiji. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857 walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara kutoka Oman. Huko alikuwa amelowea pia Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa ametangulia kuijua nchi ya Wanyamwezi kabla Wazungu hawajaikanyaga. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa, alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo Oman, India na Unyamwezi walishakula sahani moja zamani, ingawa mzigo wenyewe, pembe na shanga na majora ya nguo, uliendelea kukaa kwenye mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi. Na wapo waliopita njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo.

Magongo hayakuja na misafara hiyo. Mchezo tunaoujua leo ulitengenezwa Uingereza, ukakolea India kwa njia ya jeshi na shule, kisha ukavuka bahari na makarani wa Kigoa, mafundi wa Kisingasinga na watumishi wa reli. Nairobi ndipo uliposhamiri. Kenya ilishika nafasi ya sita Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume huko Barcelona, ikamaliza ya nne. Nahodha wake Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Rome 1960 hadi Munich 1972. Hiyo ni rekodi ambayo wengi wetu, tunaojua majina ya wakimbiaji wa Kenya kwa moyo, hatujawahi kuitaja.

Tabora ilikuwa na kila kitu cha kuupokea mchezo huo. Reli ya Kati ilifika mwaka 1912 na kuingia Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likafunguliwa mwaka 1928. Palikuwa na karakana, na maduka ya Wahindi. Palikuwa na Shule ya Tabora, iliyoanzishwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa watemi, ambako Julius Nyerere alisoma kuanzia 1937. Mbona basi soka ikatembea hadi vijijini, magongo yakabaki mjini?

Wengine husema gongo ni ghali. Sikubali kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa. Mtoto wa Kinyamwezi anaweza kuchonga gongo kwa mti wa miombo kwa saa moja. Fundo liko kwenye utawala wa ubaguzi uliotenga shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na klabu zikafuata mstari huo huo. Magongo yalilelewa ndani ya ua wa klabu: Wagoa kwao, Masingasinga kwao. Ukizaliwa nje ya ua, mchezo unauona kwa upenyo wa uzio. Soka haikuwa na ua.

Kisha wenye ua wakaanza kuondoka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa baada ya serikali kutaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, familia nyingi za Kiasia zilihama Tanzania. Uganda ilipata pigo kali zaidi: Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na mwezi huo huo timu ya magongo ya Uganda, yenye wachezaji wa Kiasia na Waafrika, ilikuwa Munich ikicheza Olimpiki yake ya kwanza na ya pekee.

Ndiyo maana kikosi chetu cha Moscow kinastahili kusomwa kwa makini. Walikuwamo akina Mendes na Furtado, Virdee, Rajab, Sykes. Majina ya jamii mbalimbali katika timu moja: ua ulikuwa umeanza kubomoka. Lakini nafasi yenyewe ilikuwa zao la siasa. Marekani ilikuwa ikiongoza mgomo kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti Afghanistan, na Februari 1980 Rais Carter alimtuma Muhammad Ali Dar es Salaam kutushawishi. Nyerere hakumpokea. Kutumiwa mwanamasumbwi kujadili sera ya nchi aliliona kama dharau. Kenya, yenye timu iliyoiva, ikagoma. Tanzania, yenye timu changa, ikaenda. Zilicheza timu sita tu. Tulipoteza mechi zote, tukashika mkia, na India ikatwaa dhahabu.

Wakati huo mchezo wenyewe ulikuwa unahamia mahali pengine. Tangu Montreal 1976 magongo ya Olimpiki yanachezwa kwenye nyasi bandia, na uwanja wa daraja la juu hunyunyiziwa maji kabla ya mechi. Katika Tabora, mji unaoujua ukame, hilo ni kikwazo kikubwa kuliko gongo lenyewe. Miaka ya karibuni Tabora imepokea vijana wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, kutoka nchi nzima. Wamecheza soka, netiboli, wavu, kikapu, mpira wa mikono, wamekimbia riadha; magongo hayamo katika orodha hii.

Oman walichagua njia nyingine. Waliandaa Kombe la Asia la vijana Salalah mwaka 2023, wakaliandaa tena Muscat mwaka 2024, na Januari mwaka huo Muscat ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya wachezaji watano, uwanja mdogo usio na gharama ya ule mkubwa. Kenya ilikuwapo. Pakistan ilipojitoa mwaka 2025, simu ilipigwa Muscat kwa sababu huko kulikuwa na timu ya vijana iliyokwisha kucheza mashindano ya bara lake. Huko India, Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini, Misri na Namibia, ambayo Desemba 2024 ilikuwa imeyaandaa mashindano ya vijana wa Afrika jijini Windhoek.