Kapteni Silas Soule na Mipaka ya Utii

Wanafunzi wangu wanawafahamu majenerali wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, lakini ni wachache waliowahi kulisikia jina la Kapteni Silas Soule. Naamini yeye ana mengi ya kutufundisha kuliko baadhi ya majenerali hao.

Soule alizaliwa mwaka 1838 katika jimbo la Maine. Familia yake ilipinga utumwa, ikahamia Kansas kuendeleza mapambano hayo. Vita vilipoanza alijiunga na jeshi la Colorado, na mwaka 1862 alipigana huko Glorieta Pass pamoja na John Chivington, mhubiri aliyegeuka askari.

Tarehe 29 Novemba 1864, Chivington, sasa akiwa kanali, aliongoza askari wapatao 675 kuivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho kando ya kijito cha Sand Creek. Wenyeji hao waliamini kuwa wamo katika ulinzi wa jeshi. Chifu wao, Black Kettle, alikuwa amepandisha bendera ya Marekani na bendera nyeupe. Waliuawa zaidi ya watu 150, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee.

Soule alikuwa amepinga mpango huo, lakini alikwenda na msafara. Kambini, aliwakataza askari wake kufyatua risasi. Luteni Joseph Cramer naye alifanya hivyo.

Wengi wangeishia hapo, wakaridhika kwamba mikono yao ni safi. Soule hakunyamaza. Katika barua ya Desemba alimweleza Meja Edward Wynkoop aliyoyaona, na mapema mwaka 1865 akatoa ushahidi mbele ya tume ya kijeshi mjini Denver. Tarehe 23 Aprili, wiki chache baada ya kufunga ndoa, alipigwa risasi barabarani akafa. Mtuhumiwa alitoroka. Chivington alikuwa amekwisha kuacha jeshi, na hakushtakiwa kamwe.

Je, ushahidi wake ulipotea bure? La hasha. Mwaka 2000 barua zake na za Cramer ziliibuka tena, zikasaidia Bunge la Marekani kupitisha sheria ya kulihifadhi eneo hilo kuwa kumbukumbu ya taifa.

Mtumishi wa umma anayeisoma historia hii ajiulize maswali mawili. Amri ikiwa dhalimu, nitaikataa? Na nikiisha kuikataa, nitaandika niliyoyaona? Swali la pili ndilo lililomgharimu Soule maisha yake, na ndilo lililouzuia uongo wa Chivington kuwa historia rasmi.