Masika Yalipokuwa Njia: Voi, Taru na Safari ya Pwani

Mwezi wa Aprili unapoingia na mawingu yakaanza kulalia vilele vya Sagalla, magari yapandayo kutoka Mombasa hushusha mjini Voi abiria wa namna moja: Wataita, wake kwa waume, waliokuwa wapishi, madobi, wahudumu wa meza na watunza bustani katika hoteli za Nyali, Bamburi na Diani, ambao wameambiwa kwamba wageni wamekwisha na kwamba wataitwa tena mvua zitakapopita. Wenyewe husema msimu umeshuka. Wakikanyaga chini tu, kabla hata ya kuulizia mizigo yao, huuliza kama imenyesha Wundanyi, maana mvua iliyowaondoa kazini pwani ndiyo hiyo hiyo wanayoitaka kwenye mahindi na maharagwe yao mlimani.

Nimewatazama zaidi ya mara moja, nami nikajiuliza tangu lini mvua ikawa sababu ya mtu kutokwenda pwani. Tarikhi ya njia hii, baina ya Mombasa na vilima vya Taita, inatoa jibu ambalo wenye hoteli huenda wasilitarajie: kwa muda mrefu kabla ya reli, msafiri wa miguu aliyekuwa na akili timamu aliyapenda majira ya mvua kuliko kiangazi, na msimu uliokuwa mfu ulikuwa ule wa jua.

Wazee wa Mombasa waliugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi, ivumayo takriban tangu Disemba hata Machi, iliyaleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, na kusi, ianzayo Aprili, iliyarudisha kwao. Pamoja na kusi huja masika, ambayo watu wa Mombasa waliyaita mwaka, bila ya neno jingine, kana kwamba miezi iliyosalia haikustahili jina hilo. Na kusi ilipokaza nguvu zake katika Juni na Julai, bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa, vyombo vikapandishwa ufuoni vikatiwa kalafati na kupakwa shahamu, na mfanyi biashara aliyechelewa kuondoka alikuwa hana budi kukaa bandarini, akila akiba yake, hata demani ituze mawimbi. Kwa hiyo ukiwa wa mwezi wa Mei haukuletwa pwani na ndege za watalii. Bandari iliujua tangu zamani, walakini katika zama zile, wakati bahari ilipokuwa ikifungwa, Nyika ilikuwa ikifunguka.

Nyika ndiyo ile nchi ya miiba na udongo mwekundu inayoanza nyuma ya vilima vya Rabai na kukoma chini ya milima ya Taita, na kiini chake ni Taru. Wageni wengi wameiita jangwa, jina ambalo Mduruma aliyezaliwa pale ana haki ya kulikataa, kwani juma moja baada ya mvua ya kwanza vichaka vyote huvaa majani. Ilimradi katika kiangazi hapana mto wala kisima cha kutumainiwa, na chakula mtu aliweza kukibeba lakini maji ya siku nyingi hakuweza. Mpagazi mmoja alichukua kichwani mzigo wa karibu frasila mbili, wa merikani, kaniki, shanga au masango. Juu ya mzigo huo aliongeza kibuyu, mkeka na posho yake. Kibuyu kilimtosha kutwa moja, na zaidi ya hapo alitegemea ngurunga.

Ngurunga ni mashimo ya asili yaliyo katika miamba ya Taru, mengine mapana kama sinia na mengine yenye kina cha kuweza kumzamisha mtu, ambayo hujaa maji ya mvua na kuyahifadhi kwa majuma baada ya mvua kukatika. Mashimo hayo ndiyo yaliyokuwa kalenda ya safari. Kirangozi aliyeijua kazi yake hakuuliza kwanza bei ya pembe wala habari za Wamasai. Aliuliza ngurunga zina maji kiasi gani, nani aliyepita mbele yake, na aliyepita ana watu wangapi, kwa kuwa msafara mkubwa ungeweza kuyakausha mashimo yote usiku mmoja na kuwaachia waufuatao matope. Akiondoka Taru, maji mengine ya kutumainiwa yalikuwa Maungu, zaidi ya kilomita 40 mbele, nayo hayakuwa njiani bali juu ya mlima, hata mtu aliyefika chini ulimi umemkauka ilimpasa kupanda kwanza ndipo anywe. Kuivuka sehemu hiyo katika kiangazi kulitaka mwendo wa usiku, na waliolegea waliachwa nyuma. Kuivuka baada ya mvua ilikuwa taabu ya tope, mbu na mizigo iliyolowa, lakini taabu hiyo haikumwua mtu kwa kiu.

Aliyevuka salama alipata malipo yake. Mbele yake palikuwa na Ndara, ambao ndio mlima wa Sagalla, kisha mto Voi, ambao watu husimulia kuwa uliitwa kwa jina la Kivoi, Mkamba mashuhuri wa biashara ya pembe aliyeuawa mwaka 1851, na mwishowe Bura chini ya milima ya Dawida. Huko Wataita walishuka na ndizi, miwa, muhogo, mahindi na maharagwe, wakauza kwa nguo na shanga, wala hawakuuza kwa bei ya huruma, maana walijua barabara mtu aliyetoka Taru ana njaa ya namna gani. Mbele zaidi, siku chache kwa miguu, ulikuwako msitu wa Taveta kandokando ya mto Lumi, mahali ambapo misafara ilitua hema zake na kupumzika kwa majuma kabla ya kwenda Uchagani au Umasaini. Nami sioni kosa kusema kwamba Taveta ilikuwa na wageni wa mapumziko kabla ya Diani kuwa na kitanda kimoja cha kukodisha.

Katika waliosafiri majira ya mvua, mashuhuri kuliko wote ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai pamoja na Ludwig Krapf. Aliondoka tarehe 27 Aprili 1848, masika yakiwa yamepamba moto, na watu wachache, chini ya uongozi wa Bwana Kheri, mzoefu wa njia za Uchagani, akiwa na mwavuli mkononi. Mwavuli huo umechekwa katika vitabu vingi, lakini mtu aliyewahi kupanda Taita mwezi wa Mei hatamcheka mwenyewe. Tarehe 11 Mei, walipokuwa wameiacha milima ya Taita nyuma yao, aliona weupe juu ya mlima wa mbele, akamwuliza kiongozi ni kitu gani, naye akajibiwa kwa neno moja tu, baridi. Hiyo ilikuwa theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, walikaa miaka wakibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mimi huamini kwamba mvua ina sehemu yake katika habari ile: katika kiangazi vumbi la uwanda wa Tsavo na ukungu wa joto huuficha mlima kutwa, ilhali asubuhi iliyooshwa na mvua ya usiku huonyesha hata mikunjo yake. Mvua hiyo haikumfadhili daima. Aliporudi Uchagani mwaka uliofuata, katika Aprili tena, alifika Machame akavunjwa nguvu na manyunyu, maradhi, na tamaa ya mtawala wa huko aliyemwishia bidhaa zake.

Yafaa niseme pia kwamba Mtaita mwenyewe hakuitazama mvua kwa jicho la msafara. Kwake yeye mvua ilihusu amani ya nyumba na ya kijiji, na mzee alipotasa, yaani alipopuliza kwa kinywa maji au pombe huku akitamka maneno ya heri na kutoa hasira moyoni mwake, mvua ilikuwa miongoni mwa baraka zilizoombwa. Na msomaji wa pwani ajue kwamba bondeni, pale Voi penyewe, masika si mvua kubwa ya mwaka. Mombasa mama wa mvua ni Mei, lakini Voi hunyeshewa zaidi katika vuli, Novemba na Disemba, na iko miaka ambayo Aprili hupita Voi pakiwa pakavu huku Mombasa watu wakivuka barabara suruali zimekunjwa magotini.

Reli ndiyo iliyoigeuza hukumu ya mvua. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, mataruma yakapita katika Taru kwa maji yaliyochukuliwa na gari moshi lenyewe, mwisho wa 1897 njia ilikuwa imefika Voi, na mwaka 1898 ikafika Tsavo, kwenye simba waliowala wajenzi, ambao habari yao imekwisha kusimuliwa kupita kiasi. Tangu siku hiyo ngurunga zilikosa wateja. Abiria aliyelala akiivuka Taru hakuwa na haja ya kujua kama mashimo yana maji, na mvua, iliyokuwa imemhifadhi babu yake, ikawa kwake adui wa matuta na madaraja. Mvua za El Niño za 1997 zilipoikata barabara ya Mombasa mahali pengi na malori yakapanga foleni ya siku kadhaa, hapakuwa na dereva aliyeishukuru mvua, wala sidhani kwamba alikuwapo aliyekumbuka kwamba palikuwa na watu waliowahi kuishukuru katika mahali pale pale.

Vita Vikuu vya kwanza viliongeza sura nyingine. Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea mpakani. Jenerali Smuts, aliyeshika amri mwezi wa Februari 1916, alipigana huku akitazama mawingu: kutwaliwa kwa Salaita, kisha vita vya Latema na Reata, kisha kutwaliwa kwa Moshi, yote yalimalizika kabla ya mwisho wa Machi, na mara masika yakashuka, majeshi yakakwama matopeni hadi baada ya katikati ya Mei, maradhi yakaua pasipo risasi. Makaburi ya vita yako Voi, Maktau na Taveta hata leo.

Katika vita hivyo limo jambo ambalo watu wa Kasighau hawalisimulii kwa sauti ya juu. Mwaka 1915 Waingereza, wakiwatuhumu kwamba wamewasaidia Wajerumani, waliwang'oa wote katika mlima wao, kusini mwa Voi, wakawapeleka uhamishoni Malindi. Watu waliozoea baridi ya mlima walitupwa katika joto na homa ya ufuo ule ule ambao baadaye ulikuja kutangazwa Ulaya kuwa pepo ya mapumziko, wengi wakafia huko, na waliosalia hawakuruhusiwa kurudi ila baada ya miaka mingi. Mtu akiambiwa kwamba Wataita walianza kwenda pwani kwa sababu ya hoteli, amkumbushe msemaji habari ya Kasighau.

Utalii wenyewe ni mambo ya juzi. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na ndege za kukodi kutoka Ujerumani na Uingereza zilipozidi katika miaka ya sabini, ikawa desturi mgeni apelekwe siku mbili kuwaona tembo wekundu karibu na Voi kisha arudishwe baharini. Mgeni huyo hufuata jua, hivyo masika yakapewa jina la msimu wa chini: hoteli nyingine hufungwa Aprili hata Juni ili zipakwe rangi, nyingine hupunguza bei. Nafasi ya mgeni huyo sasa imechukuliwa kwa sehemu na Wakenya wenyewe. Gari moshi la Madaraka, lililoanza safari tarehe 31 Mei 2017, mwezi ambao mgeni wa Ulaya hayupo, husimama Voi, na nimewaona humo watu wa bara wakishuka pwani na watoto wao katika likizo ya Aprili, mvua ikipiga vioo, wala hawakuonekana wenye majuto. Bahari huwa ya rangi ya chai penye midomo ya mito, mwani hutupwa ufuoni kwa marundo, na samaki huadimika maana mashua ndogo hazitoki. Lakini mchana mmoja katika mitatu huwa na jua, na mwenyeji ana wasaa wa kuzungumza.

Mwenyeji huyo, akifungua mfereji ampe mgeni wake maji, humpa mvua ya upande wetu. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, ikachujwa, ikatokea kwenye chemchemi ya Mzima, katika Tsavo ya magharibi, kwa wingi unaozidi lita milioni 200 kwa siku. Na tangu miaka ya hamsini sehemu yake huchukuliwa kwa bomba lenye urefu wa takriban kilomita 220, kupitia Voi na Maungu na kuivuka Taru, hadi Mombasa. Maji hayo huipita njia ya misafara kiangazi na masika bila ya kuuliza habari za ngurunga. Watu wa Taita Taveta, ambao chemchemi imo katika nchi yao na ambao wengi wao wangali wanachota maji mbali, wamedai kwa miaka mingi wapewe sehemu kubwa zaidi, na dai hilo bado halijamalizwa.