Kiti cha Mninga cha Buseresere

Katika Buseresere, mji wa soko ulioko wilayani Chato, mkoani Geita, tulipata kuketi juu ya kiti cha mninga chenye mikono miwili, kilichotengenezwa upya baada ya kusahauliwa stoo miaka mingi. Mgongo wake umelala kidogo, mikono yake ni myembamba mfano wa kafi, wala hakina nakshi hata moja. Viungo vyake havikupigiliwa misumari: ulimi umeingizwa katika tundu, ukashikwa kwa gundi. Viti vya namna hii vilikuwa katika nyumba na ofisi za maofisa wa serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, na mafundi wetu wakavitengeneza kwa mninga na mvule.

Vijana wakikiona husema ni kiti cha kizungu. Umbo lake ndiyo, lakini maana ya kiti watu wa Kanda ya Ziwa hawakufundishwa na Mzungu. Kiti cha mtemi kilichongwa kwa gogo, na si kila mtu aliyeruhusiwa kukikalia. Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma, banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti hicho hicho. Kwa hiyo afisa wa kikoloni alipokaa katika kiti chake cha mikono, na mzee wa kijiji akasimama mbele yake kofia mkononi, hapakuwa na haja ya mkalimani.

Mtindo huo wa viti vyepesi visivyo na nakshi ulisitawi sana Denmark. Miongoni mwa mabingwa wake alikuwa Finn Juhl, ambaye alibuni ukumbi wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na viti vyake. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1952. Hapa ndipo habari ya kiti inapotuhusu sisi wenyewe. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, na mambo yake yalijadiliwa na wajumbe walioketi katika viti hivyo vizuri. Mnamo tarehe 7 Machi, 1955, Julius Nyerere, rais wa TANU, alifika mbele ya Baraza hilo kueleza kwamba wananchi wataka kujitawala. Twadhani ni vigumu kupata mahali ambapo useremala bora na unyonge wa watu vilikutana waziwazi kuliko pale.

Nyumbani nako ugomvi ulikuwa wa viti. TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 serikali iliweka wilayani Geita halmashauri ya mchanganyiko, ambamo Wazungu na Waasia, waliokuwa wachache mno, walipewa nafasi pamoja na Waafrika. Wananchi walisema hawakuulizwa. Waliondoka kwa wingi wakaenda Mwanza kutoa malalamiko yao kwa wakuu wa serikali, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Halmashauri ile haikudumu. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na mwaka 1963 madaraka ya watemi nayo yakafutwa. Viti vya aina zote mbili vikawa vimepoteza wenyewe.

Baraza la Udhamini lilisimamisha kazi yake mwaka 1994, kwa kuwa hapakubaki nchi ya kudhaminiwa. Hata hivyo ukumbi wake ulikarabatiwa ukafunguliwa tena mwaka 2013. Hatuoni ubaya, kitu kizuri kitunzwe.

Fundi wa Buseresere alitufahamisha kwamba kazi kubwa haikuwa kupiga msasa bali kufungua viungo bila kuvunja ulimi, kukwangua gundi iliyokufa, na kutafuta mninga mkavu wa kuunga mguu uliooza. Mwenye kiti alitaka mkono wa kulia upigwe randa, maana una bonde dogo jeusi mahali mkono wa mtu ulipozoea kulala. Fundi alikataa. Akapaka vanishi juu ya bonde lile, akashona mto mpya wa sufi, na siku tulipofika, mjukuu wa mwenye nyumba alikuwa amelala humo na daftari lake kifuani.